Kofia ya Malachy

Attracta Gilvarry hakutaka kwenda Jumapili ya Mashada. Wala kubaki nyumbani hakutaka. Tangu kaka yake Malachy alipofariki mwezi wa pili, mambo mengi yalikuwa hivyo kwake: hili halitaki, lile halitaki, na yote mawili angeweza kuyafanya asione tofauti. Kwa hiyo Philomena Tuohy, jirani yake wa ng'ambo ya kijito, alipoingiza gari uani na kupiga honi, Attracta alivaa koti, akafunga mlango, akatoka.

Philomena alimtazama miguuni. "Umevaa ndara za ndani, mwenzangu."

Attracta akainama kuangalia. Kweli.

"Rudi ukabadilishe. Watu wataniona wataniambia nimekuiba hospitali."

Akarudi, akabadilisha, akatoka tena. Gari likashuka kijia cha mawe, likapita kanisa, likashika barabara ya kwenda uwanjani. Njia nzima Philomena alizungumza: juu ya mume wake na mgongo wake, juu ya mkate aliopeleka kwenye mashindano, juu ya mvua iliyokuwa inatishia tangu asubuhi lakini haijafanya uamuzi. Attracta alisikia sauti kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya pili.

Hao ndugu wawili, Malachy na Attracta, walizaliwa nyumba moja chini ya mlima wa Slieve Dorra, wakakulia humo, na wazazi walipofariki wakabaki humo humo na ng'ombe wao. Malachy hakuoa, Attracta hakuolewa. Kijiji cha Cloonavarra kilikuwa na nyumba kadhaa za namna hiyo, na hakuna aliyeziona ajabu. Malachy alikuwa mtu wa maneno. Akienda kununua misumari atarudi jioni, misumari kaisahau, lakini habari za tarafa nzima anazo. Attracta alikuwa mtu wa kazi, maneno yake machache, na hayo machache alikuwa akimpa Malachy. Wakikaa jikoni baada ya chakula, yeye ndiye aliyekuwa msikilizaji wake wa kwanza. Hadithi isiyomchekesha Attracta, Malachy hakuipeleka nje.

Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kila mwaka, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba, Cloonavarra husherehekea kuanza kwa mavuno. Asubuhi kila nyumba huchimba viazi vya kwanza, na ole wake aliyevigusa kabla ya siku hiyo. Mchana watu hukutana uwanjani kuona shayiri ya kwanza ikipurwa kwa mashine ya zamani. Baadaye wenye miguu hupanda mlimani na mashada yao ya maua. Katikati ya hayo, mzee Festy Mulkerrin huegesha trela la lori lake kando ya uwanja, huweka kipaza sauti juu yake, na yeyote mwenye hadithi hupanda kuitoa.

Mwaka mmoja, miaka kumi na mmoja iliyopita, Malachy alipanda trelani akiwa na glasi mbili tatu kichwani, akasimulia hadithi ya dada yake.

Ilikuwa hadithi ya ujana wao. Palikuwa na kijana mmoja akiitwa Dermot Cuffe, mwuza dawa za kondoo, ambaye alipita kila mwezi na kila mwezi alikaa zaidi kidogo. Mwisho alimwambia Attracta avae vizuri siku ya Jumanne, amsubiri kituo cha basi. Watakwenda pamoja Galway akamwone mama yake. Attracta akanunua kofia yenye unyoya. Akasimama kituoni. Mvua ikaja. Basi likaja, likaondoka. Dermot Cuffe hakuja, siku hiyo wala siku nyingine yoyote.

Malachy aliigiza yote juu ya trela: jinsi dada yake alivyokuwa akichungulia barabara, jinsi unyoya ulivyolowa ukamwangukia puani kama mkia wa jogoo aliyetolewa kisimani, jinsi dereva wa basi alivyofungua mlango na kumwuliza, "Unapanda, bibi harusi, au unaota mizizi?" Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Attracta alikuwa amesimama mlangoni mwa hema la chai na sahani ya keki mkononi. Aliiweka sahani mezani, akakata mashamba kwa miguu, akarudi nyumbani.

Jioni Malachy aliingia taratibu, kofia mkononi.

"Attracta. Si ulikuwa mzaha tu?"

Hakujibiwa.

"Wewe mwenyewe ulikuwa ukiicheka ile hadithi hapa mezani."

Hakujibiwa. Kesho yake pia, na kesho kutwa. Wiki ilipokwisha naye akakasirika, akafunga mdomo. Kila mmoja akawa anamngoja mwenzake, na kadiri siku zilivyopita ndivyo neno la kwanza lilivyozidi kuwa zito, hata likawa jiwe lisilobebeka.

Walikuwa na mbwa, jina lake Toss. Basi wakawa wanazungumza na mbwa.

"Toss," Attracta angesema, "mwambie mwenzako supu inapoa."

"Toss," angejibu Malachy, "mwulize mwenye supu yake chumvi kaificha wapi."

Mwanzoni kulikuwa na kama kicheko ndani yake. Baadaye kicheko kikaisha, ikabaki desturi, kama mtu aliyevunjika mguu ukaunga vibaya: anatembea nao tu. Kijiji kizima kilijua, na kijiji kizima kilinyamaza. Malachy aliendelea kwenda Jumapili ya Mashada. Attracta hakukanyaga tena. Yeye alichukua siku ya mnada, Malachy akamwachia. Waligawana hata watu.

Asubuhi ile ya mwezi wa pili Attracta alisikia ng'ombe wakilia zizini kupita kawaida, akaenda kuangalia. Malachy alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, ndoo katikati ya miguu. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ametulia, hasogei, kama aliyeambiwa asimwangushe.

"Malachy," Attracta akasema.

Ndilo neno la kwanza alilomwambia kwa miaka yote hiyo, na wa kulisikia hakuwepo.

Akamwita tena, kisha akaenda kumpigia simu daktari.

Watu walijaa nyumbani. Malachy alilazwa chumba cha mbele akiwa na suti yake, rozari vidoleni, na wanakijiji walipita mmoja mmoja wakamshika mkono. Attracta alimimina chai. Alikata mkate, akapanga vikombe, akaosha, akamimina tena. Wanawake walimtazama usoni wakitafuta machozi, na walipoyakosa wakanong'onezana, "Atalia baadaye." Baadaye haikuja. Ikaja masika, nyasi zikaota, ndama watatu wakazaliwa, na moyo wa Attracta ulikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: upo, unauona, ukiuinua unainuka, lakini si wako.

Hapo ndipo alipokuwa siku Philomena alipomshusha langoni mwa uwanja.

Uwanja ulikuwa umejaa. Magari yalipangwa hadi kwenye miti, na moshi wa soseji ulikuwa umetanda chinichini kwa sababu ya hewa nzito. Mashine ya kupura ilikwishawashwa. Ilinguruma na kutikisika, vumbi la makapi likawashukia watu vichwani, na wanaume waliokunja mikono walikuwa wakiilisha miganda wakipigiana kelele kwamba fulani anajilegeza. Bendi ya wasichana ilikuwa ikijaribu filimbi. Attracta hakuwa amepiga hatua kumi kabla ya mtu wa kwanza kumshika mkono.

"Pole kwa msiba, Attracta."

"Asante."

"Pengo lile halizibiki."

"Asante."

Wakaja wengine. Mikono mikubwa, mikono ya baridi, mkono wa Padri uliokuwa na harufu ya sabuni. Kila mmoja alisema neno lile lile na Attracta alijibu neno lile lile. Aliona kwamba baadhi yao macho yalikuwa yamelowa kwa ajili ya Malachy, akawatazama kama mtu anavyotazama watu wanaokula wakati yeye ameshiba.

"Umeona wanavyompenda?" Philomena akasema. "Haya, twende tukale viazi."

Hema la chakula lilikuwa na masufuria makubwa ya viazi vipya vilivyopasuka maganda, siagi, na majani ya vitunguu yaliyokatwa. Attracta alipewa sahani iliyofurika. Alikula vyote. Hakumbuki ladha yake. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akigawa alimwongezea bila kuulizwa, akasema, "Kula, mwaya, umekonda kama ufito," na Attracta akala na hivyo pia.

Ndipo Philomena aliposikia kwamba mikate inahukumiwa. Akaruka. "Nisubiri hapa hapa, nisiwepo yule Concepta atajipa nambari moja mwenyewe!" Akatokomea.

Attracta alikaa peke yake kwenye benchi. Kutoka pale, kupitia mlango wa hema, aliliona trela la Festy Mulkerrin. Lilikuwa pale pale lilipokuwa siku ile. Festy mwenyewe, mzee mrefu mwenye masikio makubwa na koti la sherehe lililomkaa kama gunia, alikuwa akigongagonga kipaza sauti kwa kidole.

"Mnanisikia huko nyuma? Hamnisikii? Basi mmejibuje?"

Watu wakacheka, wakaanza kusogea. Wakaja wasimulizi wawili watatu. Mmoja alieleza habari za punda aliyeingia kanisani, mwingine akasahau mwisho wa hadithi yake akashuka kwa makofi. Kisha Festy akavua kofia.

"Jamani, mnajua nani hayupo leo."

Mtu akakimbia kuizima mashine kule nyuma.

"Mimi si Malachy Gilvarry. Hakuna aliye Malachy Gilvarry. Lakini tumekaa kamati, tukasema haiwezekani Jumapili ya Mashada ipite bila ile hadithi yake. Mnajua ni ipi?"

"Ya kofia!" watu wakaitika. Si wazee tu. Vijana ndio waliopaza sauti zaidi, wasichana wa bendi, wanaume wa kwenye mashine wakiwa na makapi nyusini. "Kofia! Kofia!"

Attracta aliweka mikono yake miwili juu ya meza. Akaona kwamba akiinuka sasa atalazimika kupita mbele ya watu wote. Akaona pia kwamba haimsumbui. Kama wanataka kumcheka, wamcheke. Alijaribu kutafuta ile aibu ya zamani, ile iliyomchoma hadi kwenye nyayo siku ile, ili angalau apate kuhisi kitu. Akapapasa, akakuta pakavu.

"Basi hapo kale," Festy akaanza, "palikuwa na kijana mmoja mjinga kupita wajinga wote wa Cloonavarra, na mnajua ushindani ulivyo mkali. Jina lake Malachy."

Kicheko.

"Malachy huyu alikuwa amepata mchumba. Msichana wa Galway, muuza vifungo. Msichana akamwambia: Jumanne, kituo cha basi, nakuja kukuchukua nikupeleke kwa mama. Malachy akaenda mjini akanunua nini?"

"Kofia!"

"Kofia gani?"

"Nyekundu yenye unyoya!"

Attracta aliinua uso.

Festy aliendelea, na watu wakaendelea naye, maana kila mmoja alijua zamu yake. Malachy akasimama kituoni. Malachy akachungulia barabara. Mvua ikamnyeshea Malachy, unyoya ukamwangukia puani Malachy kama mkia wa jogoo aliyetolewa kisimani. Dereva wa basi akafungua mlango, na uwanja mzima ukapiga kelele kwa sauti moja: "Unapanda, bwana harusi, au unaota mizizi?" Katika hadithi yote hapakuwa na msichana yeyote wa Cloonavarra aliyengoja mtu. Hapakuwa na Dermot Cuffe. Palikuwa na Malachy tu, na unyoya wake, na mvua.

"Sasa," Festy akasema akishusha sauti, "nyuma ya ukuta wa kituo alikuwepo nani?"

"Dada yake!"

"Anafanya nini?"

"Kashika baiskeli!"

"Ndiyo. Maana dada yake alikuwa na akili, alijua yule muuza vifungo hatakuja. Alimfuata kaka yake na baiskeli ili amrudishe nyumbani asije akalowa. Lakini alipofika akamwona alivyosimama na ile kofia, akaona: nikijitokeza nitamwaibisha. Akiaibika hatarudi nyumbani, atapanda basi lolote liendalo popote. Basi akabaki nyuma ya ukuta. Mvua yake yeye ni mvua yangu mimi, akajiambia. Mara akitaka kutoka, anarudi. Mara akitaka kutoka, anarudi. Basi likaja, likaenda. Malachy akashika njia kwa miguu, na dada nyuma kule mbali anasukuma baiskeli. Hapandi, kwa nini?"

"Mnyororo unalia!"

"Mnyororo unalia, atasikika. Malachy akafika nyumbani, akakaa mbele ya moto. Baada ya muda mlango unafunguka, dada huyo, maji yanamtiririka hadi kwenye soksi. Malachy akamwuliza: ulikuwa wapi wewe? Naye akasema..."

"Nilikuwa naangalia kondoo!"

"Na kondoo?"

"Waliuzwa wiki iliyopita!"

Uwanja ukalipuka. Watu walicheka, na wakati huo huo wengi walikuwa wakifuta macho.

Attracta alikuwa amekaa vile vile, mikono mezani. Alikuwa anakumbuka jikoni, ile Jumanne, yeye amekaa mbele ya moto na kofia yake ya kijani imechuruzika mapajani. Mlango ulifunguka, Malachy akaingia amelowa hadi kwenye mifupa, ngozi ya uso imegeuka rangi. Ulikuwa wapi? Nilikuwa naangalia kondoo. Naye hakuwaza zaidi, alikuwa na lake. Kumbe kweli kondoo walikuwa wameuzwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewahesabu wakipanda lori la mnunuzi.

Na habari za dereva wa basi Malachy alizijuaje? Yeye hakumwambia mtu, na miaka yote hakuwahi kujiuliza.

Mtu alimwona. Minong'ono ikapita kutoka benchi hadi benchi, vichwa vikageuka, na Festy juu ya trela akakinga macho kwa mkono.

"Ni Attracta yule? Karibu, binti Gilvarry. Usiogope, hatung'ati. Utatuambia neno?"

Angeweza kukataa. Lakini tangu mwezi wa pili kukataa na kukubali vilikuwa vitu vya uzito mmoja. Akainuka, watu wakampisha, mikono ikamsaidia kupanda. Kipaza sauti kilikuwa kimewekwa kwa urefu wa Festy, akakishusha.

"Kofia ilikuwa ya kijani," akasema.

Watu wakangoja.

"Si nyekundu. Ilikuwa ya kijani, na ilikuwa yangu. Aliyengoja ni mimi. Aliyekuwa nyuma ya ukuta ni yeye." Akafikiri kama kuna lingine. "Baiskeli mnyororo wake ulikuwa unalia kweli. Nilimwambia autie mafuta, hakutia."

Akarudisha kipaza sauti, akashuka. Hakuna aliyecheka wala aliyepiga makofi. Vijana walitazamana, maana hadithi waliyokua nayo ilikuwa imegeuzwa ndani nje kama soksi. Wazee waliangalia viatu vyao. Kisha mwanamume mmoja akaenda kuwasha mashine, nayo ikanguruma, na watu wakashukuru kuwa na kelele.

Philomena alimkuta langoni, mkate wake kwapani na utepe wa nafasi ya tatu umebandikwa juu. Alikuwa amesikia.

"Twende mlimani," Attracta akasema.

"Na magoti yako haya?"

"Twende."

Wakapanda na wengine, polepole, wakipitwa na kila mtu. Njia ilikuwa ya matope meusi na mawe, pembeni majani ya mlimani yakianza kuchanua zambarau. Vijana waliinama kuchuma vitunda vyeusi, midomo yao imegeuka buluu. Philomena alinyamaza muda mrefu kuliko Attracta alivyowahi kumwona akinyamaza. Mwisho alishindwa.

"Mwaka wa kwanza ile hadithi ilikuwa yako," akasema akihema. "Mwaka uliofuata alipanda akaitoa upya, yeye ndiye mjinga. Tukashangaa. Mwaka uliofuata akaitoa tena, akajizidishia ujinga. Miaka yote, Attracta. Hawa watoto hawajui kama kulikuwa na nyingine."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulidhani amekuambia yeye."

"Kwa mdomo gani, Philomena? Wa mbwa?"

Philomena akauhamishia mkate kwapa la pili.

Wakapanda tena. Attracta alikuwa anapanga jambo kichwani, kama mtu anayekunja shuka kubwa peke yake, na ncha zinakataa kukutana.

"Aliweza kuwaambia watu mia mbili," akasema. "Kwa kipaza sauti. Kila mwaka. Mimi nipo hatua tatu kutoka kwake, upande wa pili wa meza, hakuweza."

"Na wewe ungeweza kumwuliza."

Attracta akasimama. Philomena akadhani amemuudhi, akaanza kutafuta maneno ya kufuta.

"Ndiyo," Attracta akasema. "Ningeweza."

"Unajisikiaje, mwenzangu?"

"Magoti yananiuma."

"Nauliza moyoni."

"Moyoni sijui. Nikipajua nitakuambia."

Kileleni upepo ulikuwa mkali. Watu walikuwa wakilaza mashada yao kwenye lundo la mawe, kila mmoja kwa niaba yake au ya nyumba yake. Padri alisoma sala na upepo ukaipeleka upande mwingine. Attracta hakuja na ua lolote. Msichana mmoja wa bendi, mwenye nywele zilizomgandia usoni, alimwona amesimama mikono mitupu, akachomoa nusu ya shada lake, akampa.

"Samahani kwa leo, bibi," msichana akasema. "Tulikuwa hatujui. Tumeicheka tangu wadogo."

"Icheke tu. Inachekesha."

"Kweli haikuumizi?"

Attracta alitafakari swali lile kwa haki, kwa kuwa limeulizwa kwa haki. "Iliniuma sana zamani," akasema. "Siku hizi sijui kinachoniuma ni nini."

Akalaza maua juu ya mawe. Alingoja kidogo aone kama kutakuja kitu. Kilichokuja ni mvua, ile iliyokuwa ikitishia tangu asubuhi. Ikashuka yote kwa pamoja, na mlima mzima ukaanza kukimbia, watu wakiteleza, wakishikana, wakitukanana kwa furaha. Philomena alivua koti akaufunika mkate. Walifika chini wamelowa kama waliovuka mto, na Attracta alishuka garini uani kwake bila kuaga vizuri, akakamua ng'ombe, akavua nguo zenye maji, akalala kukiwa bado na mwanga nje.

Kesho yake Philomena alikuwa akianika nguo aliposikia ng'ombe wa Gilvarry wakilia. Jua lilikwisha kupanda. Wakalia tena, wote, kwa pamoja, kama walivyolia siku ile ya mwezi wa pili. Philomena aliangusha kapu, akavuka kijito bila kutafuta daraja, akakimbia hadi zizini. Hakuna mtu. Akakimbia hadi mlangoni, akagonga. Kimya. Akazunguka nyumba akapiga dirisha la chumba kwa viganja viwili.

"Attracta! Attracta! Nijibu, mwanamke wee!"

Pazia likasogea. Uso wa Attracta ukatokea, nywele zimesimama upande mmoja, alama za mto shavuni.

"Kuna nini?"

"Kuna nini? Unaniuliza mimi kuna nini? Saa nne hii!"

Attracta akageuka kutazama saa ya ukutani, akaitazama muda mrefu. Tangu mazishi hakuwahi kulala hadi alfajiri. Kila siku alikuwa macho gizani, anangoja tu pakuche aamke.

"Nilikuwa nimelala," akasema, kwa mshangao.

Philomena alikaa chini kwenye nyasi chini ya dirisha, sketi yake inachuruzika maji ya kijito, akaanza kulia na kutukana kwa pamoja. Alimwita punguani, alimwita mchawi, alimwambia ameona maiti mbili katika nyumba hii kwa mwaka mmoja na moja yao inamwuliza kuna nini. Attracta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua dirisha, akamnyooshea mkono.

"Inuka, utapata kichomi. Shika ndoo ile, mimi nitavaa. Wawili tutamaliza upesi."

"Nitavaa nini? Nimelowa mimi!"

"Vaa suruali za Malachy. Zipo nyuma ya mlango."

Philomena akaacha kulia. Miezi yote ile hajamsikia akilitaja jina hilo bila kulazimishwa. Lakini alikuwa mtu mzima, na kwa mara ya pili katika siku mbili alinyamaza, akaenda kuchukua suruali.